Makala na nyaraka za bure kwa mwanafunzi wa utafiti: aliye Moshi au Arusha aanzie wapi

Msimu wa kuandika tasnifu ukifika, swali ninaloletewa zaidi na wanafunzi hapa Moshi ni hili: "Dada, makala nimeipata, lakini wanataka dola nisome. Nifanyeje?" Jibu langu la kwanza huwa ni usilipe. La pili huwa ni swali: umeshaangalia kwenye hazina za vyuo vyetu wenyewe?

Wengi hawajaangalia. Wanakimbilia Google, wanafungua kurasa mbili tatu za juu, wakikutana na ukuta wa malipo wanasema hakuna kitu. Kumbe Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapahapa Moshi, Taasisi ya Nelson Mandela iko pale karibu na Tengeru, Sokoine kiko Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria navyo vipo, na vyote vinaweka tasnifu na makala za watu wao mtandaoni, bure. Kama hujui anwani ya hazina, nenda Google uandike mada yako, kisha ongeza site:ac.tz. Matokeo yatabaki ya vyuo vya Tanzania tu. Ukiandika site:go.tz utapata nyaraka za serikali, zikiwemo ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu na matokeo ya sensa ya 2022.

Nasisitiza tasnifu za hapa nyumbani kwa sababu ambayo walimu hawaisemi mara nyingi. Fungua kurasa za mwisho, kwenye viambatisho. Mara nyingi utakuta dodoso zima alilotumia mtafiti, na mara nyingine limeshatafsiriwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima au wagonjwa aliowahoji. Ukiwa unahangaika kuuliza swali la kipato kwa mama wa Kibosho bila kumkwaza, kuona mwenzako aliliulizaje ni msaada mkubwa kuliko nadharia kumi. Mtaje tu kwenye marejeo.

Pili, nenda kwa mkutubi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona wanafunzi wakimaliza miaka mitatu chuoni bila kujua kwamba chuo chao kina funguo za majarida ya kulipia. Kuna mpango unaoitwa Research4Life, unaoendeshwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji wakubwa wa dunia. Ndani yake kuna Hinari ya afya, iliyoanza 2002, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Taasisi za Tanzania ziko kwenye kundi lisilolipa. Ila mwanafunzi hajisajili mwenyewe. Taasisi ndiyo inayosajiliwa, na nenosiri liko maktaba. Usiulize tu kama wana makala za mtandaoni, utajibiwa kwa mkato. Uliza hivi: "Naomba nenosiri la Research4Life, na orodha ya majarida tunayopata kupitia COTUL." COTUL ni umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini. Mkutubi akisikia unataja jina la kitu, atakaa na wewe.

Ukishamaliza hapo ndipo utoke nje. Google Scholar inatosha kuanzia, ukijua pa kubonyeza. Kulia kwa kila makala angalia kama kuna linki ya PDF. Isipokuwepo, chini ya makala kuna sehemu ya matoleo mengine yote. Fungua hapo, kwa sababu nakala ya bure inaweza kuwa imejificha kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Jirani yake kuna idadi ya waliomnukuu, na huko utakuta tafiti mpya zaidi za mada hiyohiyo. Kwenye kompyuta weka pia Unpaywall, kiongezo cha kivinjari kinachokuonyesha kama makala uliyoifungua ina nakala halali ya bure mahali pengine. CORE na BASE hukusanya hazina za vyuo vya dunia nzima, DOAJ ni orodha ya majarida huria, yaani yanayosomwa bure, na AJOL ina majarida ya Afrika zaidi ya 500, mengi yake huria. JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ukifungua akaunti binafsi inakuruhusu kusoma mtandaoni hadi makala 100 kila siku 30 bila malipo. Kwa watu wa historia na fasihi hiyo ni neema.

Maneno unayotafutia nayo yana kazi yake. Kuna kijana alikuwa anaandika kuhusu chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni changa za kahawa. Alikuwa anaandika jina la ugonjwa na neno Kilimanjaro, anapata vipande vichache. Nikamwambia atumie jina la kisayansi la kuvu wake, Colletotrichum kahawae. Zikaja tafiti za Kenya, ambako ugonjwa huu uliripotiwa mara ya kwanza 1922, na za Ethiopia na Kameruni. Jina la kisayansi halibadiliki ukivuka mpaka. Baada ya hapo arudi kwenye machapisho ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, kwa ajili ya hali ya hapa kwetu.

Sasa nyaraka za kale, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wanaosoma sheria Arusha wanaishi jirani na hazina ambayo watu husafiri mbali kuifuata. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliendesha kesi zake mjini hapo mpaka ilipofungwa 2015, na hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, ya Septemba 2, 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, ilisomwa Arusha. Kumbukumbu za wazi za kesi hizo, kuanzia hukumu hadi maneno ya mashahidi, zinasomeka bure kwenye kanzidata ya chombo kilichorithi kazi yake, chenye ofisi Lakilaki, Arusha. Hukumu za mahakama zetu za ndani ziko kwenye tovuti ya TanzLII, bure pia.

Kwa anayeandika historia ya Uchagani, nenda kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, utafute mkusanyiko wa picha za wamisionari. Humo zimo picha za misheni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro 1893: migomba, masoko, shule, watu wa Machame na Mamba. Ukitafuta kwa tahajia ya leo pekee utakosa nyingi, kwa hiyo jaribu ya Wajerumani pia: Moschi, Madschame, Dschagga, Aruscha. Maelezo ya chini ya picha yaliandikwa kwa macho ya mmisionari, na majina ya waliopigwa picha mara nyingi hayapo. Ndiyo maana nawasihi mpeleke picha hizo kwa wazee, mkawaulize wanachokiona. Majibu yao nayo ni data. Yarekodi kwa ridhaa yao.

Kuna jambo linanitia hofu siku hizi. Programu za akili bandia hutunga marejeo yanayofanana kabisa na ya kweli: mwandishi yupo, jarida lipo, makala haipo. Kila rejeo ulilopewa hivyo litafute kwenye tovuti ya Crossref, au weka namba yake ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, kwenye doi.org. Lisipofunguka, na jarida lenyewe halina makala hiyo, lifute.

Na makala ikikataa kila njia, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake huwa chini ya jina lake au kwenye ukurasa wa chuo chake. Mistari minne inatosha: wewe ni nani, unasoma chuo gani, unatafiti nini, na kichwa kamili cha makala unayoiomba. Nimeandika barua za namna hiyo na nimejibiwa na maprofesa ambao sikutegemea wangejibu, wengine wakiongeza makala mbili tatu ambazo sikuwa nazijua. Wiki mbili zikipita kimya, mwandikie mwandishi wa pili kwenye orodha. Huenda ni mwanafunzi wa uzamivu, naye anajua shida yako.