Harkness hapana, tazama Takemi
Dada, umeuliza kama afisa wa afya wa kaunti hapa Mombasa anaweza kuomba Harkness, ule ufadhili wa utafiti wa sera za afya. Hawezi. Huchukua watu wa Uingereza, Australia, Ujerumani na nchi nyingine chache tajiri wakafanye utafiti Marekani. Kenya haimo, usijichoshe. Tazama Takemi, programu ya afya ya kimataifa ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilioanza 1983. Ile huwapokea watu waliokwisha kukomaa kazini, wakiwemo wa nchi kama zetu. Shahada hupati, unaandika utafiti wako. Shida ni pesa, kwa hivyo saka mfadhili mapema. Na swali lako liwe la huku huku: mathalani, kwa nini mama wa Likoni apande feri akajifungulie kisiwani na hospitali ya Likoni ipo? "Kuboresha afya Afrika" halimshtui mtu, wallahi.