Mwalimu wa darasa, anza na rejista

Msomaji mmoja ameandika kwamba amekabidhiwa darasa kwa mara ya kwanza, wanafunzi 45, na anauliza afanye nini ili wampende. Hapo ameshaanza kwa mguu mbaya. Mwalimu mcheshi hupendwa wiki tatu, halafu huzoeleka. Walimu wa masomo huingia na kutoka na kengele, kila mmoja akimwona mtoto kwa kipande chake. Mwalimu wa darasa ndiye pekee anayeweza kumwona mzima, na kazi yake kubwa ni kugundua mapema mambo yanapoanza kwenda mrama. Asiyeitaka kazi hiyo aombe kufundisha somo lake tu. Hakuna aibu.

Chombo chako cha kwanza ni rejista. Wengi huijaza kwa ajili ya ofisi, na ndiyo maana haiwasaidii. Ita majina mwenyewe kila asubuhi, kwa sauti, ukimtazama usoni kila anayeitika. Kwa wanafunzi 45 hazizidi dakika nne. Katika dakika hizo ndimo utakapoona jicho lililovimba, au utasikia sauti ya mtoto aliyekesha. Ukimwachia monita aite, umempa monita macho yako. Ukijaza Ijumaa mchana kwa kukumbuka, umeandika uongo na kuutia sahihi. Baada ya mapumziko ya mchana pita tena uhesabu vichwa kimyakimya, kwa sababu mtoro mjanja huondoka wakati huo, akiwa ameshawekewa alama ya kuhudhuria.

Tumia alama nne: yupo, amechelewa, hayupo kwa taarifa, hayupo bila taarifa. Kisha kila Ijumaa isome rejista kwa mstari wa mwanafunzi, usiisome kwa siku. Kwa siku utaona 41 wamefika na utaridhika. Hutajua kwamba wanne wasiokuwepo ni walewale tangu Jumatatu. Tafuta mpangilio. Anayekosa kila Jumatatu ana jambo la mwisho wa wiki. Anayekosa siku zenye kipindi fulani anakikimbia kipindi hicho, au anamkimbia mtu aliyemo ndani yake. Anayechelewa kwa dakika zilezile kila siku huenda ana mdogo wake anayempeleka mahali kwanza, na kumsimamisha mlangoni hakutamfikisha mapema kesho.

Usisubiri idadi iwe kubwa. Marekani, mwanafunzi anayekosa asilimia 10 ya siku za shule huhesabiwa kuwa na tatizo sugu la mahudhurio, hata kama kila siku aliyokosa ina ruhusa. Kwa mwaka wa siku 180, hizo ni siku 18: mbili tu kwa mwezi. Siku mbili kwa mwezi hazimshtui mtu, na hapo ndipo mtego ulipo. Weka kanuni yako: akikosa mara tatu ndani ya wiki mbili, kwa ruhusa au bila ruhusa, unazungumza naye kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote.

Chombo cha pili ni daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Juu andika jina analopenda kuitwa, anaishi na nani, namba mbili za simu za walezi na tatizo la afya likiwepo. Chini yake andika tarehe na ulichokiona, sentensi moja inatosha. Andika tukio, usiandike tabia. “Mkorofi” haikusaidii kitu. “Amemsukuma mwenzake kwenye foleni baada ya kuchekwa” inakupa pa kuanzia. Kila siku zungumza na watoto watatu, dakika mbili mbili, juu ya jambo lolote lisilo kosa. Kwa mwendo huo wote 45 huisha ndani ya siku 15 za shule, halafu unaanza upya. Bila orodha utajikuta umezungumza mara kumi na wale sita wanaokuja mezani kwako wenyewe, na mara kumi na wale wanne wanaokutia hasira. Waliobaki 35 watamaliza mwaka wakiwa wageni wako. Yule mkimya wa safu ya katikati, mwenye alama za wastani na asiye na kosa, ndiye rahisi kumpoteza.

Kuna njia nyepesi ya kujua nani hana mtu. Ni mbinu ya Jacob Moreno, aliyeanza kuchora mahusiano ya watu katika makundi miaka ya 1930. Mpe kila mtoto kikaratasi aandike majina matatu ya wenzake ambao angependa kufanya nao kazi ya kikundi. Ukiwa peke yako, chora mishale kutoka kwa mchaguaji kwenda kwa mchaguliwa. Utashangazwa na nani hakutajwa na mtu hata mmoja. Si lazima awe yule unayemdhania. Usiulize kamwe nani hawampendi, maana swali hilo litazua uadui jioni hiyohiyo. Usiwaoneshe mchoro, na usimtangazie aliyekosa kura kwamba unamhurumia. Mpange tu kwenye kikundi kimoja na mmoja wa wale ambao yeye mwenyewe aliwaandika. Rudia muhula ujao, kwa kuwa majibu ya siku moja hubeba pia ugomvi wa siku hiyo.

Simu kwa mzazi. Ya kwanza ipige kabla hujawa na malalamiko, ndani ya mwezi wa kwanza: jitambulishe, taja jambo moja jema ulilomwona mtoto akilifanya, uliza kama kuna kitu unachopaswa kukijua, kisha aga. Dakika tatu kwa 45 ni saa mbili na robo, zigawe kwa wiki tatu. Mzazi ambaye simu ya kwanza kutoka shule humkuta na shutuma hujifunza kutopokea namba hiyo. Likitokea kosa, sema ulichokiona, siku na saa, kisha uliza: “Nyumbani unaonaje?” Halafu nyamaza. Walimu wengi huharibu hapa kwa kujaza ukimya na mahubiri. Mkubaliane hatua moja na siku ya kupeana taarifa, na siku hiyo upige kweli, hata kama mambo yametengemaa. Hasa kama yametengemaa.

Mtoto akikufungukia kwamba anaumizwa, utaratibu ni mwingine kabisa. Usimwahidi siri, kwa sababu hutaweza kuitunza; mwambie utamwambia yule tu anayeweza kumsaidia. Msikilize bila kumhoji. Maswali ya kumwelekeza, kama vile “ni baba, sivyo?”, yanaweza kuharibu ushahidi na kumtia maneno mdomoni. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, tarehe na saa, siku hiyohiyo, na umkabidhi siku hiyohiyo anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni au mwalimu mkuu. Usipige simu nyumbani kwanza, maana hatari yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayopokea simu. Na usilipeleke chumba cha walimu kama habari ya chai.

Ama walimu wenzako, watakuletea mashtaka. Usiwe mtekelezaji wa adhabu zao. Ukikubali mara moja, darasa litajua kwamba kwa mwalimu fulani hakuna wa kuogopwa. Uliza kipindi gani, amekaa wapi, ameanza lini. Mtoto akilalamikiwa na mwalimu mmoja tu, chunguza kipindi hicho. Akilalamikiwa na wote tangu mwezi fulani, chunguza kilichotokea mwezi huo. Na kabla ya kumwita yeyote mvivu, mwambie asome mstari mmoja wa ubaoni akiwa palepale anapokaa. Wapo wanaoitwa wazembe mwaka mzima kumbe hawaoni, wananakili kwa jirani. Kusogezwa dawati la mbele ni mwanzo tu. Mzazi aambiwe ampeleke akapimwe macho.

Sheria za darasa zisizidi nne, na kila moja iwe na matokeo unayoweza kuyatekeleza hata siku uliyochoka. Ukitishia usichoweza kukifanya, watakupima kabla ya wiki kuisha. Adhabu ya darasa zima kwa kosa la mmoja iache kabisa: wasio na kosa wanajifunza kwamba utiifu haulipi, na mkosaji anapata watu 44 wa kujificha nyuma yao. Iache pia ile orodha ya wapiga kelele anayoandika monita. Marafiki zake hawataandikwa, na kabla ya muda mrefu kufutwa jina kutakuwa na bei. Mpe monita kazi za vitu: madaftari, madirisha, kuita mwalimu ambaye hajafika dakika tano baada ya kengele. Kazi za kusimamia watu zibaki zako. Mbadilishe kila baada ya wiki nne.

Zamu za usafi, mapambo ya ukutani na michango havihitaji maelezo marefu. Orodha ibandikwe. Pesa ziandikiwe stakabadhi na zifike ofisini siku hiyohiyo, zisilale kwenye mkoba wako.

Maoni ya ripoti ndiyo yanayomwonesha mwalimu alivyo. “Anajitahidi, aongeze bidii” inamfaa mtoto yeyote, kwa hiyo haimfai hata mmoja. Andika mambo matatu: anachokiweza, ukitoa mfano; kinachomzuia; na hatua moja ya muhula ujao ambayo mzazi anaweza kuiona kwa macho. Kwa mfano: “Anaeleza hoja vizuri kwa mdomo, lakini kazi tano kati ya nane hakuzimaliza kuandika. Muhula ujao aanze kazi ya nyumbani siku anayopewa.” Kila moja itakuchukua kama dakika nne, yaani saa tatu kwa darasa zima. Aliyejaza daftari lake atakuwa na cha kuandika. Asiyelijaza ataandika bidii mara 45, na wazazi watajua.

Mwisho wa mwaka mkabidhi mwalimu anayepokea darasa muhtasari wa mistari michache kwa kila mtoto: afya, mahudhurio, nani asikae karibu na nani, njia gani ya kumrekebisha ilifanya kazi. Makosa yaliyokwisha usiyaandike. Mambo ya siri ya ulinzi yapitie kwa mhusika wake, yasiwemo kwenye karatasi hiyo.