Re: Kwani Kanada ilimlipa Omar Khadr ya nini na alikiri mwenyewe kuua?

Ndugu yangu, juzi tulibishana hayahaya hapa maskani Majengo mpaka kahawa ikapoa. Zile pesa hazikuwa za kumsifu wallahi. Huyo Omar, dogo Mkanada, alishikwa na Wamarekani Afghanistan 2002 ana miaka 15, babake ndo alimuacha na wapiganaji wenye uhusiano na al-Qaeda, akatupwa Guantanamo, gereza la Wamarekani huko Cuba, na badala ya serikali yake kumtetea, 2003 ikatuma majasusi wakamhoji bila wakili alafu majibu wakawapa Wamarekani! Mtoto kuwaona akadhani wamekuja kumsaidia, akavua shati awaonyeshe majeraha, akalia sana, wao wakaenda zao. Hapo ndo hunichoma mimi. 2010 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema haki zake zimevunjwa na bado serikali haikuomba arudishwe. Huko kukiri kuua mwanajeshi wa Kimarekani unakosema ni mwaka huohuo, mbele ya tume ya kijeshi (mahakama ya Wamarekani hukohuko Guantanamo), na baadae alisema alikiri apate kutoka tu. Wamemrudisha 2012, wakamfunga tena kwao (ati hatari kwa usalama), dhamana kaipata 2015 akiwa na miaka 28. Msamaha na malipo 2017 huko, baada ya kuishtaki serikali.