Muulize Mwalimu: Zewail alikuwa wa kemia au wa fizikia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na shemeji yangu tumebishana wiki nzima. Yeye anasema Ahmed Zewail wa Misri alikuwa mwanafizikia, maana kazi yake yote ilikuwa leza na vioo. Mimi nasema mwanakemia, maana Nobel aliyopewa ni ya kemia. Tuamue.
– Mbishi

JIBU: Marahaba, Mbishi. Dau lenu rudishianeni. Pale Caltech, chuo cha Pasadena, California, alikoanza kufundisha mwaka 1976, Zewail alikuwa profesa wa kemia na profesa wa fizikia pia. Wala si wa kwanza kukanyaga mpaka huo: Rutherford, mwanafizikia wa kutupwa, alipewa Nobel ya kemia mwaka 1908, na Marie Curie alichukua ya fizikia 1903, ya kemia 1911.

Ningeishia hapo, lakini swali lenu limenitonesha kidonda.

Nilifundisha kemia miaka mingi. Kila siku ubaoni vitu vinavyochanganywa kushoto, vitu vinavyotokea kulia, na katikati mshale. Siku moja mtoto wa dawati la nyuma, ambaye hata kazi ya nyumbani alikuwa haleti, akauliza: "Mwalimu, ndani ya mshale kuna nini?" Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Darasa likacheka. Mpaka leo nikikumbuka naona haya, kwa sababu swali lile ndilo lililompeleka Zewail Stockholm kupokea Nobel mwaka 1999, peke yake, bila mshindi wa kugawana naye.

Shida ya kuchungulia ndani ya mshale ni muda. Atomu zinapoachana au kuungana, tendo lenyewe linakwisha kwa femtosekunde chache, makumi au mamia. Femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Ukitaka kuionja: femtosekunde moja kwa sekunde ni kama sekunde moja kwa miaka milioni 32. Mwanga unatoka mwezini na kutufikia kwa sekunde 1 na ushei. Huo huo mwanga, ukipewa femtosekunde 200, unakuwa umekwenda kama unene wa unywele tu.

Basi utapimaje? Hapa ndipo shemeji yako anapojipatia alama zake. Unachukua mpigo mfupi mno wa leza na kuupiga kwenye molekuli, yaani atomu zilizoshikana: huo ndio kipenga cha kuanzia. Mpigo wa pili unafuata nyuma kidogo kuja kuangalia hali ikoje. Lakini hakuna saa wala swichi inayoweza kuuchelewesha mpigo kwa femtosekunde 10. Kwa hiyo hawaucheleweshi kwa saa, wanauzungusha. Unapitishwa kwenye vioo, njia yake inarefushwa kwa kiasi kidogo kuliko unavyoweza kuona kwa macho, nao unafika umechelewa kiasi kile kile unachotaka. Sogeza kioo, piga tena, sogeza, piga tena. Ukizipanga picha zako unapata filamu. Nilipoelewa kwamba saa ya maabara ile ilikuwa rula, nilisimama nikazunguka chumba.

Mwaka 1987 kikundi chake kilitoa matokeo ya molekuli yenye atomu 3 tu: iodini, kaboni na nitrojeni. Waliiona bondi, yaani kifungo kinachoshikanisha atomu, kati ya iodini na kaboni ikikatika, tendo la femtosekunde kama 200. Mimi lakini ninayoipenda zaidi ni ile ya sodiamu na iodini. Mngetegemea zikipigwa leza ziachane moja kwa moja. Wapi! Zinakwenda mbali, zinasita, zinarudiana, zinakwenda tena, na kila mzunguko sehemu ndogo tu ya molekuli ndizo zinazotengana kabisa. Hayo yote, Mbishi, mimi nilikuwa nayachora kwa mstari mmoja na kichwa cha mshale. Na hapo ni kemia tupu: bondi, nani anaachana na nani, na kwa njia ipi. Kwa hiyo vyombo ni vya shemeji yako, swali ni lako.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Damanhur tarehe 26 Februari 1946, akakulia Desouk. Mlangoni pa chumba alichosomea palibandikwa kibao, "Dk. Ahmed", angali mtoto. (Wazazi wengine wanaita hiyo dua, wengine shinikizo.) Alichukua jiko la mafuta la mama yake, la kuchemshia kahawa, akaunganisha na mirija ya kioo ili aone mti ukigeuka gesi na majimaji. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba palikuwa na hatari ya kuiunguza nyumba nzima. Akasoma Chuo Kikuu cha Alexandria, mwaka 1969 akaenda Marekani, akapata shahada ya uzamivu Pennsylvania mwaka 1974, kisha Berkeley, kisha Caltech.

SWALI: Mwalimu, huyo Zewail mnayemsifia, Misri si walikuja kumjua baada ya Wazungu kumpa tuzo? Na yeye mbona hakurudi?
– Msema Kweli

JIBU: Hili la kutorudi nitalijibu nusu. Makazi yake yalibaki California, na huko alifariki tarehe 2 Agosti 2016, akazikwa Misri. Lakini nyumbani alikuwa na mguu mmoja. Jiwe la msingi la mji wa sayansi aliouota liliwekwa tarehe 1 Januari 2000, mradi ukalala usingizi wa zaidi ya miaka kumi, ukaamka baada ya mapinduzi ya 2011. Leo upo, ni chuo chenye wanafunzi, na unaitwa kwa jina lake. Kama hiyo ni kurudi au si kurudi, mwamue nyinyi. Mimi nimeshaamua ugomvi mmoja leo.

Hilo la kujulikana, hapana. Posta ya Misri ilitoa stempu zenye sura yake mwaka 1998. Nobel ni ya 1999.