Mafuta yapi, na kiasi gani? Majibu kwa wenye uvimbe sugu wa utumbo

Barua nyingi zilizonifikia zinauliza jambo lile lile: mtu mwenye uvimbe sugu wa utumbo, uwe ugonjwa wa Crohn au kolitisi ya vidonda, apikie mafuta gani? Nimechagua maswali sita. Niseme mapema ninavyoamini mimi: tazama kwanza ni sehemu gani ya utumbo inayoumwa na ni kiasi gani unachomimina, ndipo usome jina lililoandikwa kwenye chupa.

Swali: Dada, nina kolitisi ya vidonda, kwa sasa imetulia. Kila mtu ananitajia mafuta yake. Nishike yapi?

Jibu: Mdogo wangu, hakuna mafuta yanayoponya kolitisi, na anayekuahidi hivyo usimsikilize. Kwa mapishi ya kila siku, mimi ningeshika mafuta ya zeituni, na yakikosekana, ya kanola. Sehemu kubwa ya mafuta ya zeituni ni asidi ya oleiki, moja ya asidi zinazounda mafuta, na mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoelekea kuganda, ni takriban asilimia 14 tu.

Kuna asidi moja ya mafuta ambayo mwenye kolitisi anapaswa kuijua: asidi ya miristiki. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 412 ambao kolitisi yao ilikuwa imetulia. Waliokuwa wakila asidi hiyo kwa wingi ndio ambao ugonjwa uliwaamkia zaidi. Inapatikana kwenye mafuta ya maziwa, ya nazi na ya mawese. Miongozo ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka 2020 nayo ikawashauri wenye kolitisi wapunguze mafuta hayo, pamoja na mafuta ya transi, yale yanayotokea mafuta ya mimea yanapogandishwa nusunusu kiwandani. Kupunguza si kupiga marufuku. Siagi kidogo juu ya mkate siku mojamoja haitakuamshia ugonjwa, lakini krimu, jibini na siagi katika kila mlo vinajumlika.

Swali: Shikamoo dada. Nimeambiwa mafuta ya nazi hulainisha utumbo na humeng'enywa upesi kuliko mengine. Nakunywa vijiko viwili kila asubuhi kabla ya kula chochote. Naendelea kuharisha. Niongeze?

Jibu: Marahaba. Usiongeze, acha kabisa kuyanywa hivyo. Mafuta mengi yakiingia kwa mkupuo katika tumbo tupu yanaweza yenyewe kukuharisha.

Waliokushauri wamechanganya vitu viwili. Yapo mafuta ya mnyororo wa kati, yaani yale ambayo asidi zake ni fupi kuliko za mafuta ya kawaida, yanayotengenezwa kwa kuzichuja asidi hizo, na hayo kweli hufyonzwa kwa urahisi na kuingia moja kwa moja kwenye damu iendayo ini, bila kuhitaji nyongo nyingi. Madaktari huyatumia. Mafuta ya nazi ya kawaida sivyo yalivyo. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo mwilini hufuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya mafuta ya kawaida yenye asidi ndefu, na zile asidi fupi zenyewe ni sehemu ndogo tu. Juu ya hayo yana ile miristiki niliyoitaja. Kama unapenda ladha yake, tia kidogo kwenye chakula. Usiyafanye dawa.

Swali: Nina ugonjwa wa Crohn. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji, wakakata kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Tangu hapo nikila chakula cha mafuta, choo kinatoka cheupe-cheupe, kinanuka sana na kinaelea. Naona aibu hata kumwambia daktari.

Jibu: Ndugu yangu, pole sana. Tafadhali mwambie, na umwambie kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia, kwa sababu umeeleza dalili ambayo daktari anahitaji kuisikia.

Ini hutengeneza chumvi za nyongo ili kuyavunja mafuta yawe matone madogo yanayoweza kufyonzwa. Kazi ikiisha, takriban asilimia 95 ya chumvi hizo hurudishwa mwilini, na mlango wa kurudia uko hapo hapo mwisho wa utumbo mwembamba, mahali ulipokatwa. Kama kipande kilichotoka ni kifupi, chini ya sentimita 100 hivi, chumvi zinazoponyoka huingia kwenye utumbo mpana, zikauchokoza, ukaharisha maji. Kama ni kirefu zaidi, ini linashindwa kufidia, nyongo inapungua, na mafuta yanapita bila kufyonzwa. Hapo ndipo choo kinapoanza kuelea na kung'aa.

Hali hizi mbili hazitibiwi sawa, ndiyo maana nakusihi usijitibu. Wa kwanza huweza kusaidiwa na dawa inayonasa nyongo, kama kolestiramini. Dawa hiyo hiyo inaweza kumzidishia wa pili upotevu wa mafuta. Tena hunasa na dawa nyingine, kwa hiyo hizo humezwa angalau saa moja kabla yake, au saa nne hadi sita baadaye. Muulize daktari alikata urefu gani. Ni haki yako kujua, na kipimo hicho kiwe kwenye kumbukumbu zako.

Mafuta yakipotea, vitamini A, D, E na K hupotea nayo, maana zote husafiri ndani ya mafuta. Vitamini B12 nayo hufyonzwa sehemu ile ile uliyokatwa. Omba vipimo vyake. Na kama utumbo mpana bado unao, kuna hatari ya mawe ya figo: mafuta yasiyofyonzwa huishika kalsiamu, na oksalati ya vyakula, ambayo kalsiamu hiyo ingeinasa, ikabaki huru na kuishia kwenye mkojo. Hapa ndipo yale mafuta halisi ya mnyororo wa kati hupata kazi yake. Huanzishwa kidogokidogo, mtaalamu wa lishe akikusimamia, wala hayachukui nafasi ya mafuta yote, kwa kuwa hayana asidi ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Kwa sasa gawanya mafuta yako katika milo midogo mingi badala ya kuyala yote kwa mlo mmoja.

Swali: Vidonge vya mafuta ya samaki vinazuia ugonjwa usiamke?

Jibu: Tulitamani iwe hivyo. Mwaka 1996 utafiti wa wagonjwa 78 wa Crohn ulionyesha matokeo ya kutia moyo sana: waliorudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 28 kwa waliomeza mafuta ya samaki, na 69 kwa wenzao waliopewa vidonge visivyo na mafuta hayo. Kisha mwaka 2008 yakatoka majaribio mawili makubwa zaidi, yenye gramu 4 kwa siku za omega-3, yaani asidi zilizomo kwenye mafuta ya samaki, na hayakuona faida ya maana. Kula samaki wenyewe, salmoni, sardini au makareli, vidonge usivitegemee. Mjamzito ajihadhari na mafuta ya ini la samaki, kwa kuwa yana vitamini A nyingi.

Swali: Nimesoma kwamba mafuta ya alizeti ni sumu kwa watu kama sisi. Nimemwaga chupa nzima.

Jibu: Ungeibakiza. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli kilichotiwa chumvi. Utafiti wa Ulaya uliotolewa mwaka 2009 uliwafuatilia watu zaidi ya 200,000, na 126 kati yao wakapata kolitisi ya vidonda. Waliokula asidi ya linoleiki kwa wingi zaidi, ambayo imejaa kwenye alizeti ya kawaida, mahindi na soya, walikuwa na uwezekano wa kuugua mara mbili na nusu hivi ya waliokula kidogo zaidi. Ila utafiti huo ulihusu nani atakayeugua, na ulitazama tu mazoea ya watu. Haukuonyesha kwamba kijiko cha alizeti kinamwamshia ugonjwa aliye nao tayari. Mwili wenyewe unaihitaji linoleiki kidogo. Badili mafuta taratibu chupa ikiisha, na ujiulize zaidi ni mara ngapi unadumbukiza chakula kwenye mafuta yanayochemka. Yale yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa, yakawa meusi na mazito, hayo ndiyo ya kumwaga.

Swali: Mume wangu ana Crohn. Tangu alazwe ameogopa mafuta kabisa, anakula vya kuchemsha tu, bila hata tone. Amepungua kilo nane. Nimfanyeje?

Jibu: Mama, barua yako ndiyo iliyonigusa kuliko zote, kwa kuwa woga wa namna hii nimeuona ukiwakondesha watu ambao dawa zao zilikuwa zinafanya kazi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini au wanga ina 4. Ukimwondolea mafuta yote mtu ambaye utumbo wake tayari hufyonza kwa shida, umemnyima chakula chenye nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, na huyu hawezi kula sahani kubwa.

Mueleze kwamba ugonjwa unapoamka ni busara kuacha vya kukaanga na vyenye mafuta mengi kwa mpigo, lakini kuacha mafuta yote ni jambo jingine. Anza na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya zeituni, ukikoroge kwenye chakula baada ya kukiepua. Kaa nacho siku tatu au nne. Akivumilia, ongeza kingine kwenye mlo mwingine. Kijiko cha chakula kina kalori kama 120, kwa hiyo viwili kwa siku, vikigawanywa, vinaleta tofauti kubwa. Parachichi lililopondwa, yai, samaki wa kuoka, siagi laini ya karanga, vyote vijaribiwe kimoja kimoja. Lakini kwanza uliza kama aliwahi kuambiwa utumbo wake umesinyaa mahali. Kama ndiyo, karanga na mbegu nzima asile, zinaweza kukwama.

Kilo nane ni nyingi. Mpeleke akapimwe wiki hii, msisubiri miadi ijayo, na mwende na orodha ya kila alichokula kwa siku tatu. Dawa zake aendelee nazo kama alivyoandikiwa.