Jibu: Kwa nini pwani ya Oman hutoa hewa ya ukaa wakati wa kusi

Ndugu muulizaji, umetaka kujua inawezekanaje bahari, inayosifiwa kwa kumeza takriban robo ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, ionekane ikiitoa katika pwani ya Oman. Mwelekeo wa gesi hiyo huamuliwa na tofauti ya shinikizo lake kati ya maji ya juu na hewa. Upepo huongeza tu kasi ya gesi kupita. Kati ya Juni na Septemba, kusi huvuma sambamba na pwani ile na, kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu husukumwa kuelekea bahari kuu, kisha maji baridi ya kina hupanda kuziba pengo, yakiwa yamebeba hewa ya ukaa iliyotokana na mabaki ya viumbe yaliyooza huko chini. Vipimo vya shinikizo hilo majini, vya mwaka 1995 karibu na pwani, vilizidi maikroatmosfia 600 (maikroatmosfia ni sehemu ya milioni ya shinikizo la kawaida la angahewa), ilhali hewani zilikuwa kama 360, hivyo gesi ilitoka majini kwenda hewani. Maji hayohayo huleta virutubisho (wavuvi wa dagaa wanalifahamu jambo hili kuliko sisi), na mimea midogo ya baharini inayostawi hufyonza tena sehemu ya gesi kadiri maji yanavyosogea mbali na nchi kavu.