Kwa nini mwanakondoo ameshika bendera?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mama wa watoto 3 huku Rungwe. Kanisani kwetu ukutani juu ya madhabahu kuna picha ya zamani ya mwanakondoo mweupe ameshika bendera kwa mguu wa mbele. Mwanangu wa darasa la 2 kaniuliza kondoo anashikaje bendera nikakosa jibu. Sasa tunapaka rangi upya na kuna wazee wanasema hiyo picha ifutwe manake inafanana na mambo ya frimasoni. Je ni kweli? Ndaga.

JIBU: Marahaba mama, ndaga fijo kwa kuuliza kabla ya ndoo ya rangi kufunguliwa. Hapana, hiyo sio frimasoni hata kidogo, huyo ni Yesu, na naomba sana picha isifutwe.

Kafungue Ufunuo sura ya 5 na mtoto akiwa pembeni yako. Yohana anaambiwa Simba wa kabila la Yuda ameshinda, anageuka amwone huyo simba, halafu anachokiona ni Mwana-Kondoo amesimama kama aliyechinjwa. Ndo hiyo picha yenu. Kachinjwa lakini kasimama, yani amefufuka, na bendera ni ya ushindi, ndo maana mara nyingi inachorwa nyeupe yenye msalaba mwekundu. Angalia pia nyuma ya kichwa chake, kama kuna duara la mwanga lenye msalaba ndani basi huna haja ya kubishana na mtu, duara la namna hiyo wachoraji walimwekea Kristo, watakatifu wao wanapewa duara tupu bila msalaba.

Na kwa nini kondoo, asiwe mbuzi? Sisi wa huku milimani tunaelewa haraka kuliko mtu aliyekulia mjini. Mbuzi ukimkamata kumchinja analia mpaka kijiji cha pili wanajua leo kuna nyama, ila kondoo anakuangalia tu, kimya. Isaya 53 inasema hivohivo, hakufunua kinywa chake. Mi kila nikiona hiyo picha nakumbuka kondoo wa nyumbani na moyo unanishika kweli.

Hujataja dhehebu lako lakini kwa Rungwe nahisi ni Moravian, manake huyo mwanakondoo na bendera ndo nembo yao dunia nzima, maneno yake kwa Kilatini yana maana ya Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Hao ni watu waliotokana na wafuasi wa Jan Hus, padri wa nchi ya Czech ya leo aliyechomwa moto mwaka 1415, wakaanza umoja wao 1457, wakafukuzwa na kuteswa miaka mingi sana, na wamisionari wao walipofungua kituo Rungwe mwaka 1891 nembo yao ilikuwa ndo hiyo. Kwa hiyo mkiifuta mnafuta na historia yenu wenyewe.

Halafu uwaambie wazee kwa heshima kwamba huo ubishi ni wa zamani mno. Mwaka 692 maaskofu walikutana Konstantinopoli wakakataza Kristo kuchorwa kama mwanakondoo, wakataka achorwe kama binadamu. Papa Sergio wa Rumi akakataa kusaini, na ndiye aliyeingiza kwenye misa ule wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu ambao Wakatoliki wanauimba mpaka leo. Frimasoni wa London waliunda chama chao kikuu mwaka 1717, zaidi ya miaka 1,000 baadaye, sasa nani kamuiga nani hapo?

SWALI: Kamwene mhariri. Nilienda kwenye kipaimara kanisa moja hapa Iringa nikaona kwenye altare wamechonga ndege anajitoboa kifua kwa mdomo na vifaranga chini yake. Ni ndege gani na anafanya nini kanisani?

JIBU: Kamwene. Huyo ni mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, ukienda Ziwa Rukwa utamkuta. Watu wa kale waliamini anajitoboa kifua awalishe watoto wake kwa damu yake, na Wakristo wakaona hapo Yesu na Ekaristi, Thomas Aquinas karne ya 13 akamwita Yesu mwari mwema kwenye utenzi wake. Kiukweli mwari hajitoboi, anakandamiza mdomo kifuani akiwa anawatolea vifaranga samaki kutoka kwenye ule mfuko, na mtu akiwa mbali anaona kama anajichoma. Ila mchongaji hakuwa anafundisha mambo ya ndege jamani, alitaka unapopiga magoti kukomunika ujue unakula nini.

Mama wa Rungwe, kabla fundi hajaja piga picha ukuta mchana jua likiwa limeingia, uwapelekee wazee pamoja na Ufunuo 5, na kama rangi ya bendera imefifia fundi aizindue hiyo tu.